Silaha Nyeupe na Kisu cha Papa

Kwa msimu mzima wa maharage kilima chetu kilinuka visu vilivyofukizwa. Haukuwa moshi wa kupikia, maana ule tuliuzoea tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Huu ulikuwa mzito, wenye mafuta, kwa sababu watu walipaka siagi iliyochacha kwenye makali, kisha wakayashikilia juu ya majani mabichi ya mikalitusi mpaka chuma kikawa cheusi kama chungu. Ulitoka katika kila jiko, kuanzia kwetu sisi wafugaji tuliokaa juu kwenye malisho mpaka kwa wakulima wa maharage na mihogo waliokaa chini, upande wa Nyabiondo. Ulishika kwenye blanketi, kwenye nywele, hata kwenye maziwa, na mtengeneza fromaje, yaani jibini, aliyeyanunua alilalamika kila asubuhi. Nilikuwa sijamaliza shule ya msingi, na nilidhani kwamba huko ndiko kutii serikali. Hata leo, mafuta yakiungulia kwenye kikaango changu, hasira hunipanda kabla sijakumbuka inatoka wapi.

Moshi wote ule ulitoka kwenye mdomo wa mtu mmoja. Papa Faustin, sekretere wa kijiji chetu, alikuja siku ya soko na kipaza sauti begani na karatasi mkononi, akapanda juu ya kreti ya bia na kutusomea tangazo kwa Kifaransa kutoka juu mpaka chini, polepole, kana kwamba tumeomba. Wachache mno walielewa. Ndipo akalitia katika Kiswahili. "Kuanzia leo, raia hana ruhusa ya kutembea na arme blanche. Arme blanche, ni kusema silaha nyeupe. Muntu yenye watakamata nayo, ataona." Mama mmoja muuza mihogo, ambaye hakuwa na haya ya kuuliza, alisema, "Papa Sekretere, nyeupe namna gani?" Nilikuwa nimesimama karibu na kreti, na niliuona uso wake. Hakujua. Mtu mwenye haya angesema ngoja nikaulize. Yeye alikohoa, akavuta shati lake kiunoni, akajibu, "Nyeupe ya kungaa, mama. Kisu yenye inangaa." Basi, ikawa sheria. Nilipofika sekondari ndipo nilipojifunza kwamba Kifaransa huita kila kitu chenye makali kwa jina hilo, ili kukitenganisha na bunduki, na kwamba rangi haimo kabisa: kisu kiwe na kutu, kiwe cheusi, kiwe kimetoka damuni, ni kile kile. Papa Faustin alifariki miaka mingi baadaye, na msibani walimsifia elimu yake. Nilifyata ulimi, na huo ndio wema wote niliomtendea.

Baba yangu, tuliyemwita Papa tu, alikuwa na kanifu, kile kisu kidogo cha kukunja, chenye mpini wa pembe na ubapa mmoja mwembamba uliokwisha kwa kunolewa. Resori yake, ile springi ya kushikilia ubapa, ililegea zamani. Ukikandamiza bila kujua, ubapa ulijikunja kuelekea vidole vyako, kwa hiyo hatukuruhusiwa kukitumia mpaka atufundishe mahali pa kuweka dole gumba. Kwa kanifu hiyo alikata vitovu vya ndama, alitoa miiba kwenye nyayo zetu, alichonga kalamu zetu za shule kila Jumatatu kabla ya kukama, alipunguza kwato, alimenya miwa na kutugawia kwa ncha ya kisu, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Ilikaa mfuko wa kulia wa suruali yake hata kanisani, na suruali zake zote zilichakaa hapo hapo. Sikumwona akiikunjua kwa hasira hata siku moja, ingawa alikuwa na majirani waliostahili. Mwanamume wa malisho asiye na kisu mfukoni, watu wangemuuliza kama anaumwa.

Tangazo lilipotoka, Mama aliipaka siagi na kuifukiza vizuri kuliko visu vyote vya kilimani, kwa sababu Mama hakufanya kazi nusu nusu. Lakini hakuridhika. Kwenye njia ya kwenda malishoni walikuwa wameweka bariera, mti wa mkalitusi juu ya magurudumu mawili ya zamani, na watu waliovaa sare wakikaa kando yake chini ya turubai. Sitasema walikuwa wa nani; waliokaa pale wamebadilika mara nyingi, turubai ndilo lililobaki. Walikuwa na bunduki, na mmoja wao alimenya viazi vitamu kwa kisu kirefu cha kuchomeka kwenye bunduki, kinachong'aa hadi unafumba macho, na hakuna aliyemsomea tangazo. Mkulima aliyebeba panga na jembe alipita, kwa kuwa panga lake lilionekana na jembe lilimtetea. Kilichowakera ni kisu kidogo, kile kinachokaa mfukoni. Mama alisema Papa aiache kanifu nyumbani mpaka mambo yatulie, na Papa, ambaye alimbishia kwa mambo yote mengine, kwa hilo alimsikia. Akaichomeka kwenye paa juu ya kitanda chao na kwenda malishoni na fimbo tu. Jioni ya kwanza nilimwona akipapasa mfuko mtupu ili akate kamba iliyojifunga mguuni mwa ndama, kisha akaikata kwa meno.

Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, na nyasi za bondeni zilikuwa laini, zimejaa maji. Gaju alizipenda kupita kiasi. Gaju alikuwa ng'ombe wetu wa rangi ya kahawia, mkubwa, mpole, mwenye tabia ya kunilamba shingo nikiwa nakama mwenzake, na maziwa yake ndiyo yaliyotulisha na kutusomesha. Wale wengine wawili walikuwa wa kusaidia. Asubuhi moja isiyo na ukungu, siku ambayo hatukusoma, nilikuwa na Papa malishoni tulipomwona amesimama peke yake, ubavu wa kushoto umevimba kuliko mgongo, ulimi nje, anapumua kwa shida. Kila mfugaji anaijua hali hiyo. Hewa imejaa tumboni, haina pa kutokea, na usipoitoa inaubana moyo. Kuna mahali kwenye ubavu, upana wa kiganja kutoka kwenye mfupa wa nyonga, ambapo unachoma kwa kisu chembamba, unageuza kidogo, hewa inatoka kwa kelele na ng'ombe anasimama akikuangalia kana kwamba umemtukana. Papa alishafanya hivyo kwa ng'ombe wa watu wengi. Alipeleka mkono mfukoni, akautoa. "Sifa," akaniambia, "kimbia nyumbani, leta kanifu. Usisimame na muntu." Kisha akaanza kumsugua Gaju tumbo kwa mikono miwili na kumtia kijiti mdomoni ili acheue.

Nilikimbia. Kwenda, bariera haikunisumbua, mtoto asiye na kitu mkononi. Kurudi, ningeweza kuzunguka kwa bondeni, lakini huko kuna kinamasi kinachomeza miguu mpaka magotini, na Gaju hakuwa na muda huo. Tena, kwa nini nizunguke? Kanifu ilikuwa nyeusi. Papa Sekretere alisema nyeupe, Mama aliifanya nyeusi, sheria tuliifuata. Niliibeba mkononi wazi, imefungwa, na nilipofika kwenye ule mti niliinyoosha mwenyewe kabla hawajaniuliza.

"Ni kisu ya papa," nikasema. "Haiko nyeupe, muangalie, iko nyeusi. Ngombe yetu tumbo inapasuka."

Yule mkubwa wao, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole, aliichukua, akaikunjua, akapitisha kidole kwenye ubapa na kuangalia masizi yaliyobaki kwenye ngozi yake. "Nani alifanya iwe nyeusi?"

"Mama. Na moshi."

Akawageukia wenzake. "Munasikia? Wanazifanya nyeusi juu zisingae mu giza. Sawa na wezi." Wakacheka. Nikamwambia tena kuhusu Gaju, nikamwonyesha kwa mikono jinsi ubavu ulivyopanda, nikamwomba anifuate na kisu akishike yeye mwenyewe, mpaka nikapiga magoti kwenye matope. Yule wa viazi vitamu aliinamisha kichwa, nadhani alikuwa mtoto wa wafugaji kama mimi na alielewa vizuri sana, lakini aliendelea kumenya. Mnene alikunja kanifu, akaitia mfuko wa kifuani na kufunga kifungo. "Ambia papa yako akuye mwenyewe aieleze," akasema. "Kazi ya weye mutoto, ni kusoma."

Nilirudi kwa Papa mikono mitupu, na nikasema kila kitu kwa pumzi moja. Hakunigombeza. Alikuwa amevunja mwanzi na kuuchonga kwa jiwe, akajaribu kuchoma mahali pale, lakini ngozi ya ng'ombe si karatasi. Mwanzi uliteleza, ukavunjika, ukamwachia Gaju alama ya damu isiyofaa kitu. Akajaribu tena kwa kipande kingine. Gaju alipiga magoti ya mbele kwanza, kama anayetaka kulala, kisha akaanguka upande, na macho yake yakabaki yananiangalia. Papa aliweka kiganja juu ya ule ubavu uliovimba na kukiacha hapo muda mrefu. Mimi nililia kwa sauti, nikamtukana Papa Faustin, nikaitukana ile bariera kwa maneno ambayo sikujua kwamba nayajua, na Papa hakuninyamazisha.

Wakulima wa chini walikuja na mapanga yao yenye ruhusa, tukamchuna Gaju ili angalau nyama isipotee. Mchana haujaisha, yule mnene akashuka na wenzake wawili. Hakuja kutoa pole. Alikuja kuuliza sehemu yao iko wapi, kwa sababu ng'ombe alifia kwenye eneo wanalolilinda. Majirani walisogea kando. Akachuchumaa penye maini, akafungua kifungo cha kifuani, akatoa kanifu yetu na kuikunjua mbele yetu, hana hata wasiwasi. Akaanza kukata. Alikuwa ameshika vibaya, dole gumba mahali pasipofaa, anakandamiza, na niliona ubapa unaanza kuyumba. Nilinyamaza. Nilisubiri kwa moyo wote. Sijawahi kuomba kitu kanisani kwa bidii kama nilivyoomba wakati ule, ubapa ujikunje.

"Chunga vidole, kaka," Papa akasema. "Resori yake imelegea. Weka dole hapa." Akamwonyesha kwa dole lake mwenyewe, kwenye hewa, kama alivyotuonyesha sisi.

"Aksanti, muzee," yule akasema. Akageuza mshiko, akayakata maini yetu vizuri kabisa, akaondoka nayo, na kanifu ikarudi mfukoni mwake.

Jioni Mama alimvaa Papa kwa maneno. Alimuuliza kama ana akili, kama alitaka pia kumpangusia mdomo akishakula. Papa alijibu jambo moja tu, kwamba hakupenda kuona muntu anajikata kwa kisu chake. Nilikuwa upande wa Mama, na bado niko. Watu huniambia kwamba kile kilikuwa kitendo cha Mkristo wa kweli, na padri mmoja niliyemsimulia alitikisa kichwa kwa furaha kana kwamba nimemletea sadaka. Sikumpenda. Mimi ndiye niliyeacha shule kwa miaka miwili ili Mama apate mtu wa kumsaidia shambani, kwa kuwa ng'ombe wawili waliobaki hawakutosha, na sikuona maini yale yakirudi kwa ajili ya wema wa mtu yeyote.

Sasa ninaishi Kirotshe, karibu na ziwa, na mume wangu na watoto, na Papa anakaa nasi tangu Mama afariki. Ile bariera ilihamishwa, ikarudishwa, ikahamishwa tena; juzi niliambiwa kwamba mti wake umechanjwa kuni. Lile tangazo hakuna anayelikumbuka. Sokoni Shasha visu vinauzwa kwa marundo juu ya turubai, vya kukunja, vya jikoni, vinang'aa juani, na wanaume wenye sare wanapita wakichagua pamoja na raia. Vijana wanavining'iniza kwenye funguo za pikipiki. Nilimnunulia Papa kimoja, kizuri, chenye resori ngumu. Alinishukuru, akanisifia macho yangu ya kuchagua, akakiweka sandukuni chini ya koti lake la kanisani bila kukitoa kwenye plastiki.

Mikono yake ni mizima. Analima bustani, anakama mbuzi wa jirani, anawafunga wajukuu kamba za viatu. Lakini tukipika nyama hukaa mbele ya sahani, mikono juu ya mapaja, na kungoja mtu amkatie. Wanangu wanadhani ni uzee, na hugombania kumhudumia. Mimi hukata nikiwa na hasira, vipande vidogo vidogo, na yeye huniangalia kwa upole ule ule na kusema aksanti, kwa sababu kuanzia milima yote ya Masisi mpaka Walikale amebaki raia mmoja tu anayeitii ile amri ya silaha nyeupe, na yuko mezani kwangu.