Chumvi Iliyomrudisha Onchiri Nyamache

Saa mbili asubuhi, sokoni Nyamache, Onchiri Bosire anamimina kikombe cha chumvi ndani ya pipa la sabuni ya maji, kisha anakoroga. Mwiko unaanza kumlemea mkononi. Sabuni imeshika.

"Ongeza, fundi! Chumvi ya hapa haimfukuzishi mtu kazi," anatania Shueib Abdimajid, muuza magodoro wa mjini Kisii aliyekuja na kidumu chake.

Onchiri anacheka, lakini hainui macho.

Miaka minne iliyopita, wawili hawa walikuwa wasaidizi wa maabara katika eneo la mafuta huko Ghuba. Visima vilikuwa vimezeeka, na mafuta yaliyobaki yameng'ang'ania miambani. Kazi yao ilikuwa kuteua unga wa kemikali wa kuyafanya maji kuwa mazito, ili yakisukumwa chini ya ardhi yayakokote mafuta hayo badala ya kuyapita.

Unga ulikuwa wa aina mbili, wa bei nafuu na wa bei ghali. Ule wa nafuu, ukikorogwa katika maji baridi yasiyo na chumvi, ulishika kama uji wa wimbi. Shueib akataka ujaribiwe pia katika maji ya kisimani, yenye chumvi na joto kali.

"Nikamwambia, 'Ndugu yangu, chumvi si ndiyo huongeza uzito?'" anakumbuka Onchiri. "Mama alinilea kwa kuuza sabuni. Nilidhani kila kitu hufuata sabuni."

Walibishana hadi Shueib akachoka, akakubali unga wa nafuu upitishwe bila jaribio hilo. Huko chini, chumvi na joto viliuvunja unga ule. Maji yakawa mepesi, yakayapita mafuta. Wote wawili wakarudishwa nyumbani.

Sasa kampuni nyingine imemwita Onchiri kwa kazi ileile. Aliomba waende wawili, ikakubali. Aliyekataa ni Shueib.

"Nenda wewe, bwana. Watoto wangu wameshanizoea," anasema, akikaza kifuniko cha kidumu.

Mwenzake anapoondoka, Onchiri anaweka mwiko chini.

"Safari hii kila unga nitaupima kwa maji ya kisima chenyewe, katika joto lake," anasema. "Lakini nilichokihitaji zaidi kilikuwa mtu wa kunipinga. Nilikuwa naye, nikamshinda kwa maneno."

Ataondoka mwezi ujao. Amemwomba Shueib jambo moja: kabla hajapitisha unga wowote, atampigia simu, naye ambishie.

"Amesema atapokea," anasema Onchiri. "Ila hatachoka upesi kama siku ile."