Kitambaa cha Agathe

Agathe alikifuma kitambaa kile kwa mikono yake, huko Kiringye, akitumia pamba ya bondeni aliyoisokota mwenyewe. Alikitumia kumbeba mgongoni binti yake Olive, na Olive alipokua, Agathe akawa anakitandika kitandani siku za sikukuu tu. Kilikuwa cheupe na cha kahawia, chenye maumbo ya almasi yaliyopanda ngazi kwa ngazi kutoka upindo mmoja hadi mwingine. Agathe alifariki Olive akiwa bado shule ya msingi. Mdogo wake Agathe, Domitille, akashuka Kiringye, akamchukua mtoto pamoja na kitambaa, akaja navyo Uvira, nyumbani kwake Mulongwe. Mtoto akalala naye kitanda kimoja. Kitambaa kikaingia kwenye sanduku la bati.

Olive alisoma kwa jasho la mama yake mdogo, aliyekuwa akianika ndagala, samaki wadogo wa ziwani, ufukweni na kuwauza sokoni. Akasomea kompyuta, akapata kazi ya kuifundisha katika shule moja ya sekondari mtaani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akiulizwa jambo hunyamaza kwanza, mpaka wageni hudhani hakusikia. Achille, fundi wa simu waliyeimba naye kwaya, hakuudhika kamwe na ukimya huo. Alikuwa akisubiri. Pengine ndiyo maana Olive alimpenda.

Siku moja Olive alimwambia Achille habari za kitambaa. Alimsimulia jinsi alivyokuwa, kanisani, akijificha uso mgongoni kwa mama yake na kufuata almasi kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka padri amalize mahubiri. Hakuwahi kumwambia mtu mwingine.

"Tufanye mchezo wa telefone," Achille akasema. "Muntu aone kitambaa kinajifuma, kisha pabaki pengo. Yeye achague musitari gani unafuata."

Olive alilichukua wazo lile kama mtu aliyepewa maji. Kila akitoka shuleni alikaa uani na kitambaa mapajani, kompyuta kando, akisoma nyuzi: uzi huu unapita juu, huu chini, juu tena, chini. Mstari wa pili ulikuwa ule ule wa kwanza, ila umesogea hatua moja. Ukifika katikati, unageuka na kurudi. Akaandika kanuni hiyo katika programu, akaiendesha. Almasi zikatokea kwenye kioo, lakini zilikuwa ngeni, nyembamba, zisizo na sura ya zile za mama yake. Akabadilisha hili na lile, wapi.

Palikuwa na mahali kwenye kitambaa ambapo mstari uliruka hatua mbili badala ya moja. Olive alidhani mama yake alikosea, akapuuza. Baadaye akaona mruko uleule kwenye almasi nyingine, na nyingine, kila mstari unapogeuka. Halikuwa kosa, bali ndivyo Agathe alivyotaka. Akauingiza katika programu, na kitambaa kikaanza kushuka kwenye kioo, almasi pana na tulivu, kikaendelea bila kufika mwisho. Olive alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mama mudogo, njoo uone! Njo yeye mama yangu!"

Domitille alikuja na mikono yenye magamba ya samaki, akaangalia, akakaa chini palepale bila kutafuta kiti.

Achille ndiye aliyepanga rangi, vitufe na sauti. Mchezo wakauita Agathe. Wanafunzi wa Olive waliupeana simu kwa simu, wakacheza hadi chaji ikaisha. Wakati huo Achille alikuwa amekwisha kuja Mulongwe na wajomba zake kujitambulisha, na Domitille alikuwa akimwita mwanangu.

Mashindano ya vijana wabunifu yalipotangazwa huko Bukavu, walikubaliana kwenda wote wawili. Karibu na safari Domitille akashikwa na malaria, akawa hawezi kusimama. Olive akabaki kumuuguza.

"Nitawaambia yote," Achille alimwahidi mlangoni. "Nitasema jina lako mbele ya bote."

Domitille alikuwa ameanza kupata nafuu, ameegemea ukuta uani akinywa uji, redio ikiwa kando yake, mtangazaji aliposema kwamba mshindi ametoka Uvira. Olive aliacha muhogo aliokuwa akiumenya. Sauti ya Achille ikatoka, safi, bila kigugumizi.

"Mchezo huu nimeutunga kwa ajili ya bibi yangu," alisema. "Yeye ndiye aliyekifuma kitambaa hiki mnachokiona. Nilipokuwa mtoto nilijificha uso mgongoni kwake kanisani, nikifuata almasi kwa kidole mpaka padri amalize."

Watu walipiga makofi. Mtangazaji akasema jambo hilo limemgusa moyo.

Olive alisubiri ataje jina lake. Hakulitaja, na la Agathe pia halikusikika. Mchezo wenyewe sasa uliitwa Kitambaa cha Bibi. Olive alikuwa bado anajaribu kuamini masikio yake Domitille aliponyoosha mkono na kuizima redio, haraka mno kwa mgonjwa. Kitu kingine kikamjia Olive. Mnachokiona, Achille alisema. Wanakionaje, na kitambaa kiko sandukuni?

Akaingia ndani, akafungua sanduku. Hakikuwamo.

"Achille alikuja kuniomba," Domitille alisema Olive aliporudi uani. Hakumtazama.

"Alikwambia minye mwenyewe najua?"

Domitille alikizungusha kikombe mkononi. Angeweza kudanganya, lakini hakudanganya. "Hapana. Alisema bale bakubwa ba Bukavu banataka muntu mumoja, na hadisi moja. Nikaona mwanaume akisimama, batamusikiliza. Kisha atakuoa, yote itarudi humu nyumbani. Minye nilikutafutia mema, mwanangu."

"Ulijua atasema ni ya bibi yake?"

"Nilijua."

Olive aliokota kisu, akamalizia kumenya muhogo wote, akaupika, wakala.

Achille alirudi na kitenge cha zawadi kwa mkwewe Domitille. Alimkuta Olive uani, akamkabidhi, akatabasamu, akaona uso wake, tabasamu likakatika.

"Kitambaa iko wapi?"

"Kilibakia Bukavu. Baliomba kukitundika ukumbini."

"Ukabaachia?"

"Ningekataa namna gani? Nilikuwa nimesema ni ya bibi yangu, muntu akimaliza kusema vile..." Akasogea karibu. "Olive, sikia. Familia yako si njo familia yangu? Wapi uongo hapo?"

"Mama yangu anaitwa nani?"

"Agathe. Unaniuliza nini?"

"Kwa redio ulisahau?"

Achille alisema kwa sauti ndogo kwamba pale mbele, taa zikimmulika, hadithi ya mchumba na mama wa mchumba ilionekana ndefu, na yake ilionekana fupi. Olive alimrudishia kitenge chake. Alimwomba jambo moja tu, awapigie simu wale waandaaji awaambie ukweli. Achille alisema atapiga. Hakupiga.

Olive akapiga mwenyewe. Bwana aliyepokea alikuwa na adabu, na alikuwa amechoka. Kila mshindi, alisema, hupata mtu wa kumdai. Je, kuna mtu mzima wa familia anayeweza kuthibitisha kitambaa ni cha nani? Olive alimgeukia Domitille, akamkazia macho, akampa simu.

"Mama," ile sauti ikauliza, "kitambaa hiki alikifuma nani?"

Domitille aliishika simu kwa mikono miwili. Mlangoni pa jirani walikuwa wamekaa wanawake wa kikundi chake, waliokwisha kumpongeza kwa mkwe aliyesikika redioni, na wajomba wa Achille walikuwa wamekunywa na kula chini ya paa lake. Olive aliyaona yote hayo yakipita usoni kwake.

"Ni ya familia," Domitille alisema, akarudisha simu.

Kitendo cha Achille kilimuuma Olive kama kidonda. Hiki cha Domitille kilikuwa kama kukuta nyumba uliyolelewa haina ukuta wa nyuma. Mwanamke huyu alikuwa ametoka tumbo moja na Agathe, alimwona akisokota pamba ile, na alipoulizwa jina la dada yake hakulitoa.

Uchumba ulivunjika. Olive alipanga chumba Kavimvira, mtaa mwingine wa Uvira, akawa anapanda pikipiki asubuhi kwenda shuleni. Achille alihamia Bukavu, na mchezo ukaenea kwenye simu za watu ukiwa na jina lake. Mwaka uliofuata Olive alikwenda mwenyewe kwenye ule ukumbi. Ulikuwa umekodishwa kwa watu wengine, na hakuna aliyejua vitu vya ukutani vilipelekwa wapi. Programu yake bado anayo. Inaweza kufuma kitambaa kirefu kama barabara ya Bukavu, kila mruko mahali pake. Huiendesha mara chache, kwa maana kwenye kioo hakuna mgongo wa kufichia uso.

Domitille humtembelea Jumapili baada ya misa, na ndagala waliofungwa kwenye gazeti. Olive humpokea vizuri, humpa kiti kizuri, humuuliza habari za magoti. Mara ya mwisho mama mdogo alikaa muda mrefu akiangalia kuta tupu za chumba kile.

"Utarudi lini nyumbani?" akauliza.

Olive alinyanyua birika, akamwongezea chai.