Siku Niliyobaki Juu ya Upondo

Ukitaja Golbanti, kijiji cha kando ya Mto Tana, mbele yangu nitatazama pembeni, maana akina mama wa kanisa la pale bado wananicheka, na wana haki.

Nianze na mgongo. Miaka ya kukaa ofisini Mombasa iliniharibu kiuno, daktari akanituma kwa mwalimu wa Pilates, mazoezi ya taratibu yasiyo na kuruka wala kukimbia, ambayo (nilichunguza, ndivyo nilivyo) yalianzishwa na Mjerumani mmoja aliyekuwa dhaifu utotoni, halafu vita vya kwanza vya dunia vikamkuta Uingereza akawekwa kizuizini, na humo akawa anawafundisha wenzake kujinyoosha. Unalala mkekani, unavuta kitovu ndani, unapumua, na misuli ya tumbo, mgongo na nyonga inakaza bila kuumiza viungo. "Shikilia, usiachie!" mwalimu alikuwa akituimbia. Nikapona. Nikarudi kuishi Garsen, na hamu niliyoizima siku nyingi ikaamka: nisimame nyuma ya mtumbwi wa marehemu mama, niusukume kwa upondo, ule mti mrefu, kama alivyokuwa akituvusha kwenda shamba la mpunga.

Mtumbwi ulikuwa kwa Shangazi Rahel, huko Golbanti. "Mwanangu," akaniambia, "ukinivusha umesimama, ni wako. Ukishindwa, nampa Komora."

Komora ni mwanawe, kijana mpole. Akaninong'oneza, "Dada, tujaribu kwanza kule kwenye maji madogo."

"Nimefanya mazoezi mwaka mzima," nikamjibu (hapo ndipo nilipojimaliza).

Ilikuwa Jumapili, ibada imetoka, akina mama wamejaa ukingoni, na ng'ambo wafugaji wa Kiorma wananywesha ng'ombe. Shangazi na Komora wakaketi mtumbwini, nikasimama nyuma, nikavuta kitovu, mtumbwi ukateleza vizuri hata nikamkumbuka mama, halafu upondo ukazama kwenye tope ukanasa. Aliyezoea kusukuma mtumbwi huachia, upondo utafuatwa baadaye. Mimi tumbo langu likamsikia mwalimu, nikashikilia. Mtumbwi ukaendelea na shangazi na Komora, nami nikabaki juu ya mti katikati ya Tana, magoti kifuani kwa kuogopa mamba, misuli imekaza kama nilivyofundishwa.

"Wewe mama ni mtu ama ni korongo?" mfugaji mmoja akauliza kwa sauti.

"Mwacheni, ni mazoezi ya Mombasa hayo!" akina mama wakamjibu.

Komora alikuwa anapiga maji kwa mikono kurudi. "Dada, achia!"

"Nikiachia naliwa!"

Upondo ukaanza kuinama, polepole, kwa heshima kabisa, ukanilaza majini na gauni langu la kanisa, shangazi na Komora wakanivuta ndani ya mtumbwi kama gunia.

Kila mtu alicheka isipokuwa shangazi. Alinifuta tope usoni kwa leso yake. "Nguvu unazo kumshinda mama yako," akasema, "lakini yeye angeachia." Jioni hiyo mtumbwi ukawa wa Komora.

Nimeapa sitashika tena upondo kabla ya kufundishwa na mtu wa mto, maana mkeka hunipa mgongo tu, na mgongo hausomi tope. Mazoezi nayaendeleza kila asubuhi, siumwi tena. Jumapili Komora hunivusha, nimekaa chini kama abiria, na mara nyingine, akiinama kusukuma kama alivyokuwa akiinama mama, jua likiwa nyuma yake, kwa kitambo kidogo simwoni yeye.