Makelele Katika Wodi ya Wazazi

Ufunguo haukuwepo. Ofisa wa kambi alipekua droo zote za meza yake, akacheka, kisha akasema kama kweli tunalitaka lile jengo, basi tukavunje kufuli wenyewe. Sikutaka kusikia neno la pili. Nilimvuta mpiga ngoma wetu kwa mkono wa shati.

"Papa, twende mbio, asibadilishe roho."

Tulikuwa watatu tuliokwenda kuomba siku ile. Mpiga ngoma huyo, Mrundi mtu mzima ambaye vidole vyake havikutulia hata kanisani. Mwalimu mmoja wa Uvira, kijana mrefu, aliyeunda kikundi cha maigizo hapo Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi nchini Malawi. Na mimi, fundi cherehani, mzaliwa wa Bukavu, niliyeshonea kikundi mavazi na kuigiza kila mama mkwe aliyehitajika, maana nina sauti ya kupasua mbao. Kwa muda mrefu tulifanya mazoezi kanisani siku zisizo na ibada. Kwaya zilipoongezeka tukaondolewa, tukahamia nyuma ya nyumba yangu, karibu na choo. Mfalme wetu alikuwa akihutubia taifa huku jirani anapita na kopo la maji, anaomba njia.

Jengo lenyewe lilikuwa wodi ya zamani ya wazazi, pembezoni mwa kambi. Zahanati ilipopata wodi mpya, hii ikafungwa, na tangu hapo mbuzi ndio waliokuwa wakilala barazani. Vioo vilikwisha kuchukuliwa. Mimi nilikuwa nalijua vizuri. Mtoto wangu wa pili alizaliwa mle, muda si mrefu baada ya sisi kufika Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nilikumbuka ufa wa ukutani uliofanana na mto wenye vijito, kwa sababu nilikuwa nimeukazia macho asubuhi nzima nikiuma kanga.

Mwalimu alilipiga kufuli kwa jiwe, likaanguka. Tukasukuma mlango, na chumba kikatuitikia kwa mvumo.

"Nini hiyo?" aliuliza mwalimu. "Iko jenereta?"

Walikuwa nyuki. Dari lote lilikuwa limejaa. Tulitoka tukikimbia, mpiga ngoma akiwa mbele licha ya umri wake, na tulipofika mbali tukaangaliana tukaanza kucheka mpaka mimi nikakaa chini. Tulikuwa tumepewa nyumba! Ina nyuki, haina dirisha, lakini nyumba.

Katika kijiji cha jirani tulimpata Mmalawi mmoja aliyefuga nyuki. Tulipomweleza, uso wake uling'aa kama tumemwalika harusini. "Njuchi!" alisema, ndilo jina lao kwa Kichewa. Alikuja jua likielekea kuzama, na magunzi makavu ya kufukizia moshi na ndoo zake. Sharti lake lilikuwa moja: kimya. Habari hata hivyo zilikuwa zimekwisha kusambaa, na watu walikuwa wakija na sahani, vikombe, masufuria. Walikaa mbali kidogo, wakinong'ona kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na Kichewa. Yule bwana akatoa mbao za dari moja baada ya nyingine. Masega yaliyotoka yalikuwa mapana kama masinia, meusi kwa uzee upande wa juu, na chini asali inadondoka. Nyuki wenyewe aliwaingiza katika mzinga wake kwa upole ambao mimi sijawahi kumwona mtu akiutumia hata kwa watoto wake.

Mpiga ngoma alikuwa amekaa juu ya ngoma yake, mikono kwapani, anateseka. Mwishowe mfugaji nyuki alifunga mzinga kwa gunia, akajipangusa jasho, akamgeukia.

"Tsopano imbani ng'oma yanu, bambo."

Sasa piga ngoma yako, mzee. Loo! Sidhani ngoma imewahi kupigwa namna ile. Watu walikuwa wanalamba vidole na kucheza kwa wakati mmoja, asali imewapaka hadi viwiko. Mwalimu alinishika bega akapaza sauti sikioni mwangu: "Dada, unaona? Bantu banakuja! Tuko na bantu hata mbele ya kuwa na madirisha!"

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa moto. Wanaume walileta udongo na kuziba nyufa. Ule ufa wangu niliomba wauache, wakaniona kichaa, wakauziba. Mimi kazi yangu ilikuwa pazia, au rido kama tunavyosema sisi watu wa Bukavu. Mwalimu alisema kitenge kitatosha. Nikakataa. Rido lazima liwe zito, lifunguke taratibu, watu washike pumzi.

Nilikwenda Lilongwe, mtaa wa Mchesi, kwa fundi mwenzangu wa cherehani, Mmalawi ambaye tulifahamiana kwa kununuliana uzi. Yeye alikuwa na mapazia ya hoteli fulani iliyobadilisha yake, ya kijani kama jani la mgomba, yaliyopaushwa na jua kwa mistari. Alikuwa ameyaweka ashonee vifuniko vya makochi. Nilipomweleza ninayatakia nini, aliniuliza, "Na mimi nitaalikwa?" Tukakubaliana: nilibaki kwake siku kadhaa nikimsaidia kushona sare za shule, na nikaondoka na mapazia yote. Kutoka kwenye lami hadi kambini niliyapakia kwenye kabaza, zile baiskeli za abiria, na mimi nikatembea nyuma nikiyashikilia yasianguke. Mwendesha baiskeli alisimama katikati ya mlima akihema.

"Amayi, muli munthu m'menemu?" Mama, humu ndani mna mtu?

"Muna bantu wengi," nilimjibu. "Sukuma tu."

Jambo moja lilinisumbua katikati ya furaha ile. Jirani yangu, mwanamke wa Fizi aliyelima maharage, alikuwa ananisaidia kwa kila kitu, lakini mlangoni hakuvuka. Alinipa maji, alinipa sindano, akiwa amesimama nje. Jioni moja nilimwuliza kama anaogopa nyuki.

"Si nyuki," alisema. "Humu njo nilizalaka ule mtoto wangu wa mwisho. Alilia mara moja tu."

Sikujua. Tulikuwa majirani miaka yote hiyo na sikujua. Nilimwambia tunaweza kuhamisha jukwaa, tutumie chumba cha pili, hiki tukiache kitupu. Alivua ndala zake, akaingia, akatembea hadi pembeni palipokuwa na kitanda cha kuzalia, akasimama hapo kwa kitambo. Kisha akageuka.

"Musiache kitu. Batoto baingie, baimbe, bapige makelele mpaka mabati itoke. Mi nilitokaka humu kimya."

Halafu akaniuliza pindo la rido linataka sindano ya namba gani.

Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi mchana. Watu walijaa ndani, wakajaa madirishani, wakajaa barazani. Fundi wa Mchesi alikuja, na gauni jipya. Mchezo wetu ulikuwa wa mkwe mchoyo anayejifanya mgonjwa ili asimchinjie mama mkwe kuku. Rido lilifunguka nusu likakwama, mpiga ngoma akalivuta kwa meno. Nikaingia na kikapu changu, nikafungua kinywa, na mvua ikaanguka.

Mvua ya Januari juu ya mabati! Nilipiga kelele kwa sauti yangu yote na hata mimi sikujisikia. Mwalimu, ambaye ndiye alikuwa mkwe, alinitazama kutoka kitandani kwa macho ya mtu anayezama. Nilifanya nilichoweza: nikaweka mikono kiunoni, nikaonyesha kuku aliyefungwa mguuni kwa kamba, nikaonyesha tumbo langu.

Ndipo jirani yangu akainuka mstari wa mbele, akawageukia watu, mikono mdomoni: "Anasema, hii kuku tutaikula saa ngapi?"

Nyuma yake mtu akalipokea swali kwa Kirundi, likiwa limekwisha kugeuka, "Inkoko iri hehe?" Akinamama wa kijijini wakalipeleka hadi dirishani, "Nkhuku ili kuti?" Kuku yuko wapi, kuku yuko wapi, chumba kizima! Mkwe alipokohoa, watu wakamsemea uongo wake. Nilipolia, wakanililia. Hatukuwa tena na mchezo wetu. Wao ndio walioamua kwamba mkwe apone kwa kichapo cha mwiko na kuku achinjwe. Mvua ilikatika ghafla, na sauti moja tu ya mwanamume ikabaki ikipiga kelele katika ukimya: "Na mimi munipatie paja!" Tulicheka hadi machozi.

Jumatatu nilihamishia cherehani yangu barazani, nikijua mavazi yatahitajika mengi. Sikuwa nimeshona hata suruali moja nilipoona akinamama wa kijijini wanakuja kwa msafara, ngoma zao vichwani. Kiongozi wao alisimama chini ya ngazi, akapiga magoti kidogo kwa heshima, akamwuliza mwalimu kama na wao wanaweza kupangiwa siku ya kucheza humo.

"Leo," alisema mwalimu.

"Leo saa ngapi?"

"Sasa hivi, bamama. Ingieni."

Wakaingia. Niliacha uzi ukining'inia kwenye sindano, nikawafuata.