Sauti ya Mama Mdogo Ndani ya Kompyuta ya Takataka

Kabla ya upasuaji, mama mdogo wangu ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko mtu yeyote Quakers Hill, mtaa wetu huku Australia, na hapa sitii chumvi. Akiniita kutoka jikoni kwetu, watu waliosubiri treni stesheni waligeuka. Kanisani hakupewa maikrofoni. Aliyempa mara ya kwanza alijuta, na spika ilijuta pia.

Halafu madaktari wakamfungua koo, wakatoa walichokuwa wanakitafuta, wakaturudishia mtu mzima asiye na sauti. Kilichobaki ni mnong'ono, kama mtu anayekunja karatasi chumba cha pili. Siku alipofungua mdomo kunisalimia ikatoka karatasi, nilishtuka hadi mzaha ukanikimbia. Na mimi mzaha haunikimbii ovyo. Nimeshawahi kufukuzwa msibani kwa kuchekesha watu.

Nyumba nzima ikajifunza kunyamaza. Redio ya mama ikafungiwa kabatini. Baba, ambaye kutwa anasikiliza mashine za kunyanyua mizigo kwenye ghala huko Wetherill Park, alirudi nyumbani akaangalia mpira kama mtu anayeangalia samaki kwenye tangi. Bila hivyo, mama mdogo angeomba chumvi mpaka chakula kipoe na hakuna ambaye angemsikia.

Msimhurumie sana, lakini. Matusi yake aliyahamishia kwenye simu. Yeye kakaa kochi lile, mimi kochi hili, simu yangu inalia: "Hiyo suruali umemnyang'anya nani?" Nikimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yetu watoto wa huku, anapiga makofi mawili, maana yake rudia kwa lugha ya watu.

Sauti yake ya zamani ilibaki sehemu moja tu. Miaka mitatu nyuma kwaya yake ya kanisani ilirekodi nyimbo sebuleni kwetu, na mpiga kinanda akazihifadhi kwenye diski ndogo ya nje. Baadaye kompyuta yake ikafa kwa kumwagiwa chai, naye akahamia Perth. Alipokuja kuaga alituachia diski. "Nyimbo zote zimo," alisema, "ila zinafunguka kwa programu ya muziki ya macOS tu, ule mfumo wa kompyuta za Mac. Kwingine hamtaona kitu."

Kwetu hakuna mtu mwenye Mac. Shuleni zipo, lakini zimefungwa kama jela. Ukichomeka diski ya nje, mwalimu anatokea kabla hujakaa. Mama mdogo aliishika ile diski kiganjani akaitazama muda mrefu, akaniandikia, safari hii bila tusi: "Nataka kusikia nilivyokuwa. Mara moja inatosha."

Sijui nani alinituma. "Nitakutengenezea Mac," nikasema.

Akaandika: "Kwa kutumia nini, maboga?"

Basi ikawa siku zile ambazo halmashauri hupita kuzoa vitu vikubwa, na watu wa Smithfield walikuwa wametoa nje magodoro, viti na friji. Tulikuwa tunatoka kumsalimia rafiki wa baba. Pale kando ya barabara nikaona boksi la kompyuta lenye ubavu wa kioo, na ndani kila kitu kimo. Nilipiga kelele baba akakanyaga breki.

"Umeona mtu?"

"Nimeona kompyuta, baba."

"Yaani nikimbie vita, nifike Australia, halafu mwanangu anipakilie takataka za Wazungu kwenye gari?" Lakini aliteremka, akanisaidia kuibeba, huku akiangalia kushoto na kulia kama mwizi.

Skrini hatukuwa nayo, kwa hiyo niliichomeka kwenye TV ya sebuleni. Mfumo wa macOS nikauandaa kwenye flashi, ili kompyuta ya kawaida ijione Mac, kwa kufuata maelezo ya watu wa mtandaoni, ambao huandika kama waganga: badilisha mstari huu, usiulize kwa nini. Nikawasha. Likatokea tunda lililong'atwa, nembo ya Mac, chini yake kamstari kakaanza kujaa. Nikaanza kucheza. Mstari ulipofika nusu, TV ikawa nyeusi tii.

Simu ikalia. "Hongera. Umetengeneza usiku."

Nilihangaika na giza lile hadi nikaliota. Kumbe kadi ya picha niliyokuwa najivunia, yenye feni mbili na taa za disko, ni ya aina ambayo macOS mpya hazina habari nayo kabisa. Kitu chenyewe kizima, kinang'aa, na mfumo unakipita kama jirani aliyekununia. Nikachukua bisibisi, nikaing'oa, nikachomeka waya wa TV moja kwa moja kwenye ubao mkuu, ambao una uwezo wake mdogo wa picha. Nikawasha tena.

Ukaja uwanja mzima wa rangi, na maandishi ya kunikaribisha. Nilipiga yowe. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko wa ugali juu juu.

"Nyoka yuko wapi?"

"Hakuna nyoka, mama! Imekubali!"

"Kama hakuna nyoka, mbona unalia kama umeng'atwa?" Alinigonga kidogo na mwiko, kwa usumbufu, halafu akabaki amesimama anaangalia.

Kadi ya wifi nayo ilikataa. Hiyo sikuilaani sana, nilichomeka simu yangu nikapata intaneti kwa waya. Nikapakua programu ya muziki, nikachomeka diski, nikabonyeza wimbo wa kwanza. Mama mdogo alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Siku ya kazi, saa ya mchana, kavaa kitenge cha kanisani na hereni.

Kwenye TV ikajipanga mistari: kinanda, ngoma, sauti za kina mama, na chini kabisa mstari wenye jina lake. Ile ya wengine ilikuwa vichuguu. Wa kwake ulikuwa milima. Nikabonyeza cheza. Alama ikaanza kutembea juu ya ile milima, ikapanda, ikashuka.

Kimya.

Hakuna hata mkwaruzo. Nilitazama kipimo cha sauti juu ya skrini: cha kijivu, kimekufa, hakisogei hata nikikivuta. Mama mdogo aliinuka, akaenda hadi kwenye TV, akaweka kidole juu ya mlima wake mkubwa kuliko yote. Akanong'ona kitu. Nyumba yetu ina utulivu wa kutosha, nikasikia.

"Hapo nilikuwa nafungua koo."

Nikachomoa waya wa TV, nikauchomeka tena.

Tangu siku hiyo niliivaa sauti ile kama vita. Kila ubao una namba yake ya sauti, na ukiipatia, macOS inautambua. Nikaziweka namba moja baada ya nyingine, kila moja ikidai nizime na kuwasha. Nikabadilisha viendeshi, zile programu zinazoendesha sauti. Nikafuta nilichoweka, nikaweka nilichofuta. Shuleni nikasinzia kwenye somo la historia. Mama mdogo aliacha kuvaa hereni. Hata matusi yalipungua kwenye simu, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi moja mchana tulikuwa wote sebuleni. Baba alikuwa na kikombe cha chai mkononi, anangoja nimalize apate mpira wake. Nikaweka namba ya mwisho niliyokuwa nayo. Nikawasha, nikafungua wimbo, nikabonyeza cheza. Milima ikapita. Kimya.

"Achana nayo, mwanangu," mama alisema taratibu. "Umejaribu."

"Sio kila takataka inafufuka," baba akaongeza, lakini kwa upole, akimtazama shemeji yake.

Nikajibwaga kwenye kochi kwa hasira. Nikakalia kitu kigumu. Kwenye TV, chini ya ile milima, ukachomoza mstari wa kijani: moja, mbili, tatu.

Nilikuwa nimekalia rimoti.

Niliuangalia ule mstari. Ulikuwa umeanzia sifuri. TV yetu ilikuwa kwenye sifuri tangu mama mdogo atoke hospitali! Tuliishusha wenyewe ili tumsikie, tukasahau kwamba TV ina sauti, kama unavyosahau kwamba friji ina magurudumu. Na kile kipimo cha kijivu? Baadaye nilisoma kwamba hata Mac halali hufanya hivyo: ukipitisha sauti kwenye waya wa TV, kipimo cha kompyuta hujifunga, kazi inabaki kwa rimoti.

Mama aliona nilichoona. Akaziba mdomo.

Nikaitoa rimoti chini ya makalio, nikarudisha wimbo mwanzo, nikabonyeza kitufe cha sauti na sikukiachia mpaka mstari ukajaa.

Kwanza viti vikakwaruza sakafu. Mtu akakohoa. Halafu:

"WEWE KICHWA CHA SUFURIA! TOKA KWENYE WAYA! UMEKANYAGA WAYA WA KINANDA!"

Chai ya baba ilimwagika yote. Mbwa wa jirani akabweka. Mimi niliruka kutoka kwenye kochi na kuangalia miguuni kwangu, naapa, kutafuta waya. Ndani ya TV mtoto fulani akacheka, kasauti kembamba kama filimbi. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni mimi, kabla sauti yangu haijavunjika.

Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Baba amesimama, suruali imelowa, kikombe kitupu mkononi. Mama mdogo hakusogea. Kwaya ikaanza, na yeye akaingia juu yao wote, mlima juu ya vichuguu, vioo vya dirisha vikitetemeka. Aliusikiliza wimbo mpaka mwisho, mikono magotini.

Ulipokwisha akachukua simu. Yangu ikalia.

"Rudisha nyuma. Hapo nilipokutukana."

Nikarudisha. Safari hii alisimama mbele yangu, akaninyooshea kidole, akafungua mdomo pamoja na ile sauti, neno kwa neno.

Nikatoka kwenye waya.