Siku Alizogeuza Mama Mukwe

Ugonjwa ulipofagia kuku wote wa mama mukwe kule Kabambare, yalibaki mayai thelathini tu. Aliyaleta kwangu mjini Kasongo kwa piki, kayakumbatia kwenye kikapu cha pumba za mpunga, na barabara yenyewe ile ya mashimo. Hakunisemesha. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani ovyo. Alimwambia mke wangu, "Mwambie bwana yako, mbegu ya kuku yangu iko hii tu. Ingine haiko."

Nilikuwa nimeunda mashine ya kuangulia mayai, na programu nikaiandika mwenyewe: kila baada ya saa nne mota iyaviringishe mayai, kifaranga kisigande kwenye ganda. Niliijaribu kuanzia asubuhi hadi jioni, nikajisifu nyumba nzima ikachoka. Mayai tuliyatia alama nyeusi ya makala ya jiko upande mmoja, na kila nilipochungulia niliona alama zimehama. Aka! Fundi ni mimi!

Siku ya sita nilirudi mchana kula, nikamkuta mama mukwe, aliyebaki kwetu kungoja mayai yake, ameinamia mashine, kifuniko kiko wazi, anageuza yai moja moja kwa vidole. Aliponiona akajifunika uso kwa kitenge, akatoka.

"Mota ilinyamaza tangu siku ya pili," mke wangu akasema. "Mama alinikataza kukuambia. Anasema haifai kumwaibisha mukwe."

Kumbe hata usiku alikuwa anaamka. Niliona haya.

Nilifungua kompyuta, chakula kikapoa. Kosa lenyewe la kijinga: kihesabu cha muda kilicho ndani ya chipu kinahesabu sekunde, na baada ya saa kumi na nane hivi kinajaa, kinarudi sifuri. Programu yangu ilikuwa inangoja saa ya ishirini igeuze mara ya tano, saa ambayo pale haifiki kamwe. Nikaibadilisha: isiulize kihesabu kimefika ngapi, iulize zimepita sekunde ngapi tangu mayai yageuzwe. Kisha nikakaa kando yake siku mbili, nasikiliza. Mota haikukosa hata mara moja.

Siku ya ishirini na moja vifaranga wakaanza kutoboa. Mama mukwe akapiga vigelegele, halafu akamgeukia mke wangu. "Muulize, zile siku niligeuza mimi, kwa mashine yake zinahesabiwa?"

Sikungoja kuulizwa. Niliinamisha macho, nikamjibu mwenyewe, "Mama, bila zile siku, humu hakungekuwa na kifaranga hata kimoja."