Mita Mia Tatu za Mama Hesabu

Saa tatu asubuhi, Mama Hesabu anachonga penseli. Mezani kuna jedwali la mistari kumi na miwili, mstari mmoja kwa kila sekunde ambayo roketi ya kupima hewa itakuwa ikichoma mafuta.

Kazi yake ni kusema itapanda hadi wapi. Waongoza ndege hufunga anga kwa namba yake.

"Ikiondoka ina kilo sitini. Kila sekunde inachoma mbili," anasema. "Kwa hiyo inazidi kuwa nyepesi, inazidi kukimbia. Hata mafuta yakiisha bado inapanda, mpaka kasi iishe."

Miaka sita iliyopita aliteleza hapohapo. Roketi za zamani zilikuwa na mafuta kiduchu. Hata usipopunguza uzito, jibu halikuwa mbali. Ilipokuja hii kubwa, akaihesabu kwa mazoea, kilo sitini mwanzo hadi mwisho. Akaandika mita elfu tisa. Ikafika elfu kumi na ushee. Ndege ya abiria ilikuwa imepita hapo dakika nne kabla.

"Ndege nzima ya watu," anasema. "Mwanangu hakuwemo. Lakini mtoto wa mama mwenzangu alikuwemo."

Leo jumla inatoka 10,300. Kibali cha anga cha leo kinaishia mita 10,000. Mkuu wa kituo, ambaye Mama Hesabu ndiye aliyemfundisha kazi, amesimama mlangoni na fomu.

"Mama, tia saini basi. Mita mia tatu tu! Nani atazipima?"

"Ndege."

"Jamani! Miezi minane tunasubiri hali ya hewa itulie."

"Basi subirini na mchana. Toeni kilo moja ya mafuta, nihesabu upya."

Mkuu anasonya na kuondoka. Mama Hesabu anabaki na fomu isiyo na saini, mikono imekunjwa, machozi yanamlenga. Anajua wanaweza kumtafuta mwingine wa kutia saini.

Nusu saa baadaye fundi anachungulia: kilo moja imetoka. Mama Hesabu anaanza tena mstari wa kwanza. Jibu ni 9,640. Anatia saini.

Saa nane roketi inaruka. Rada inasoma 9,590. Mkuu anampa mkono.

Mwakani Mama Hesabu anastaafu. Bintiye anayeishi ng'ambo amemwalika mara tatu. Mama huyu hajawahi kupanda ndege, na tangu siku ile ya ndege ya abiria amekuwa akitoa visingizio.

"Safari hii nitakwenda," anasema. "Nitakaa dirishani. Na huku chini, naomba awepo mtu mbishi kama mimi."